Kutazama ndege wa porini ukiwa nyumbani wakati wa baridi kali

Baridi inapokaza, wengi huiweka darubini kabatini mpaka miti ichipue tena. Bustani imefunikwa na theluji, matawi yako uchi, na mbayuwayu wa Ulaya walishajiendea Afrika tangu Septemba. Kwa anayeanza kutazama ndege, mimi sioni msimu mzuri kuliko huu. Hakuna majani ya kumficha ndege. Aina zilizobaki ni chache, unaweza kuzizoea zote kabla theluji haijayeyuka. Na njaa inawasogeza karibu na nyumba kiasi kwamba wengi wao utawaona kwa macho matupu, umekaa ndani, miguu yako ina joto.

Kabla ya yote: maisha ya kijungujiko

Ndege mdogo wa majira ya baridi anaishi kijungujiko. Alichokipata mchana ndicho kitakachomvusha usiku, na kesho anaanza upya. Mchukue chikadii mwenye kofia nyeusi wa Amerika ya Kaskazini, Poecile atricapillus. Uzito wake ni gramu 10 hadi 14 tu. Mchana mwili wake una joto la nyuzi kama 42 za Selsiasi, na huko nje huenda ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Kati ya joto hilo na baridi hiyo kuna manyoya na mafuta kidogo chini ya ngozi, basi. Usiku hutetemesha misuli ya kifua ili apate joto, na tena huliteremsha joto la mwili kwa nyuzi 10 au zaidi ili abane matumizi. Pamoja na hila zote hizo, ndege wa umbo hilo anaweza kuamka akiwa amepungua hata asilimia 10 ya uzito wake.

Ongeza urefu wa usiku. Mwishoni mwa Desemba, London hupata saa 8 hivi za jua, Helsinki chini ya 6. Katika saa hizo ndege lazima atafute akiba ya kumtosha saa 16 au 18 za giza. Kila hatua iliyomo humu inatokana na hesabu hiyo. Ukimkurupusha bila sababu, umemtoza. Ukimwekea chakula asichoweza kukitumia, umempotezea dakika ambazo hana. Mtu akiishika hesabu hii, mambo mengi ataamua mwenyewe bila kuuliza.

Hatua ya 1: Chagua dirisha moja na nyakati mbili

Usianze kwa kuzunguka mtaa mzima. Tafuta dirisha moja linalotazama mti, kichaka au ua, halafu ulifanye kituo chako. Weka kiti hatua moja au mbili nyuma ya kioo, zima taa ya chumbani, na usivae nguo inayong'aa. Ndege hashtuki sana kwa sababu kuna mtu ndani. Kinachomshtua ni kitu kinachosogea ghafla karibu na kioo. Ukiwa na desturi ya kukaa hapo hapo kila siku, watakuzoea.

Nyakati mbili zinalipa kuliko nyingine: alfajiri mara kunapopambazuka, kwa kuwa wote wameamka na njaa, na saa moja ya mwisho kabla ya giza, wanapojaza akiba ya usiku. Katikati ya mchana pia utaona kitu, hasa siku ya theluji nzito, lakini asiye na nafasi ya kukaa siku nzima asijute. Dakika ishirini za asubuhi kila siku zitakufundisha mengi kuliko Jumamosi moja nzima, kwa sababu utajua nani ni mwenyeji na nani ni mpita njia.

Hatua ya 2: Chakula kinachostahili safari yake

Ukiweza kununua aina moja tu, nunua mbegu nyeusi za alizeti, zile ndogo zisizo na mistari. Ganda lake ni jembamba, hata mdomo mdogo unalipasua, na ndani kuna mafuta mengi. Zipo pia zilizokwisha menywa. Hizo hazichafui ardhi, ila zikilowa huoza haraka.

Cha pili ni mafuta magumu ya mnyama, hasa yale yanayozunguka figo za ng'ombe. Kigogota, ambaye kwa kawaida hutoboa magome kutafuta mabuu, huyapenda sana. Unaweza kuyaning'iniza vilevile yakiwa mabichi ndani ya kizimba cha waya, au ukatengeneza keki: yeyusha sehemu 1 ya mafuta, changanya na sehemu 2 za mbegu na karanga zilizopondwa, mimina kwenye kikopo au kifuu cha nazi, acha igande. Yale madonge ya mafuta yanayouzwa ndani ya nyavu za nailoni ni mazuri, ila lazima uyatoe kwenye wavu kabla ya kuyaweka. Kucha na miguu hunaswa humo.

Karanga ziwe hazina chumvi, na ziwekwe ndani ya chombo cha waya wenye matundu madogo ili ndege anyofoe vipande badala ya kubeba punje nzima. Karanga zenye ukungu zina sumu. Zikianza kunuka, tupa. Kwa wale wanaokula chini, kama njiwa, shomoro na junko wa kijivu wa Amerika ya Kaskazini (Junco hyemalis), mwaga mtama kidogo mahali ulipofagia theluji. Tufaa lililoanza kulainika, ukilikata vipande viwili, huwaita ndege wa jamii ya Turdus ambao hawana habari na mbegu.

Yapo ya kuacha kabisa. Mkate hujaza tumbo bila kumpa nguvu ya kutosha. Chochote chenye chumvi kinamdhuru. Maziwa hawezi kuyameng'enya. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango hayafai hata ukiyachanganya na mbegu, kwa kuwa hubaki laini, hupaka manyoya, na manyoya yaliyolowa mafuta hayazuii tena baridi wala maji. Uwe pia macho na mifuko ya mchanganyiko wa bei rahisi iliyojaa ngano, dengu na njegere kavu. Ndege wadogo huzitupa chini wakitafuta mbegu za maana, kisha zinaoza hapo hapo.

Ukishaweka, kaa utazame wanavyokula, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo. Chikadii hatulii mezani. Anatua, anaokota mbegu, pengine anaitupa na kuchukua nyingine, halafu huyo, kaenda. Mfuate kwa macho hadi tawini. Ameibana mbegu kwa miguu yote miwili na kuigonga kwa mdomo mpaka ganda linaachia. Wakati mwingine hali; anaichomeka chini ya gome au kwenye kigaga cha kuvu, kisha anarudi kuchukua nyingine. Kwa msimu mmoja huficha maelfu ya vipande, kila kimoja mahali pake, na huvikumbuka. Chiriku wa kijani wa Ulaya, Chloris chloris, ana tabia tofauti: akifika ameketi, anazungusha mbegu mdomoni kama kinu, maganda yanamdondoka pembeni, na hamwachii mtu nafasi mpaka ashibe. Tofauti hiyo utaiona kutoka mbali kabla hujaona rangi yoyote.

Swali linaloulizwa kila mwaka: je, nikiwalisha hawatanitegemea, kisha wafe nikisafiri? Watafiti Margaret Brittingham na Stanley Temple walilichunguza hilo kwa chikadii wa Wisconsin, Marekani. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1988, waliokuwa na chakula cha ziada walivuka majira ya baridi kwa asilimia 69, wasio nacho asilimia 37, na tofauti hiyo ilionekana zaidi miezi ya baridi kali. Baadaye waliondoa vyombo mahali ndege walipokuwa wamezoea kulishwa, na ndege hao waliendelea kuishi sawa na wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Hata wanapolishwa, sehemu kubwa ya riziki yao huitafuta porini. Kwa hiyo safiri bila wasiwasi. Langu ni ombi moja tu: usikate ghafla katikati ya dhoruba, maana siku kama hiyo theluji na barafu vimefunika kila kitu kingine.

Hatua ya 3: Mahali pa kukiweka chombo

Kioo huua ndege wengi kuliko watu wanavyodhani. Ndege huona mti ulioakisiwa kioo, hurukia huko kwa kasi yake yote. Kuna kanuni rahisi ya umbali: ama chombo kiwe karibu sana na dirisha, ndani ya mita 1, ili ndege anayeondoka asiwe amepata kasi ya kujiumiza, ama kiwe mbali, mita 10 au zaidi. Umbali wa katikati ndio wa hatari. Pamoja na hayo, kiwekee kioo alama. Ziwe upande wa nje, zienee kioo chote, na nafasi kati ya alama na alama isizidi sentimita 5. Picha moja ya mwewe katikati ya dirisha haisaidii, wao hupita pembeni yake tu.

Ikitokea ndege akagonga na kuzirai, mweke ndani ya boksi la karatasi lenye matundu, lifunike, liache mahali tulivu pasipo na joto kali. Usimpe maji wala chakula. Baada ya saa moja au mbili litoe boksi nje, lifungue, umwache aondoke. Asipoweza kuruka, tafuta watu wa kutibu wanyamapori walio karibu nawe. Ndege aliyeumia ndani hatapona kwa huruma peke yake.

Kuhusu kichaka, kipimo ni kama mita 3. Karibu zaidi ya hapo, paka atajibanza chini yake. Mbali sana, ndege mdogo hatakuwa na pa kukimbilia kipanga akitokea. Paka wa nyumbani abaki ndani saa ambazo ndege wanakula, hasa asubuhi na jioni. Naliandika hili nikijua halipendwi na wenye paka, lakini huwezi kumwita ndege mezani na wakati huo huo kumwacha mwindaji chini ya meza.

Kindi nao watakuja. Nguzo ya chuma yenye kizuizi cha umbo la koni, urefu wa mita 1.5 hivi kutoka chini hadi kizuizini, ikiwa imesimama mita 3 kutoka kwenye mti au uzio wowote, itawapunguza sana. Unapoishi katika eneo la dubu, usitundike chochote mpaka dubu wawe wamelala usingizi wao wa majira ya baridi, na uondoe kabla hawajaamka; mengine fuata kanuni za mamlaka ya wanyamapori ya huko.

Kipanga mwenyewe usimchukie. Siku atakapokuja utaona jambo ambalo huwezi kulisahau: mlio mmoja mwembamba, mkali, halafu ukimya. Wengine wametoweka kichakani, na yule aliyechelewa ameganda kwenye chombo, mbegu mdomoni, hajongei hata jicho kwa dakika kadhaa. Naye kipanga ni ndege wa porini mwenye usiku mrefu mbele yake. Akianza kuweka kambi bustanini kila siku, ondoa vyombo kwa siku chache, ataenda kuwinda kwingine.

Hatua ya 4: Maji

Kila kitu kikiganda, maji huwa adimu kuliko mbegu. Ndege anaweza kula theluji, lakini kuiyeyusha tumboni kunamla joto alilohangaika kulipata. Weka sahani pana yenye kina cha sentimita 3 hadi 5, na jiwe katikati pa kusimama. Chombo cheusi kilichowekwa juani huchelewa kuganda. Asubuhi mimina maji ya uvuguvugu, barafu ikishika tena itoe na uongeze mengine. Yapo pia masinia yenye umeme wa kupasha maji kidogo, na kwenye baridi ya muda mrefu yanafaa gharama yake.

Kamwe usitie chumvi, gliserini wala dawa ya kuzuia maji ya gari yasigande.

Hatua ya 5: Usafi, au usilishe kabisa

Hapa sina lugha laini. Chombo kichafu ni bora kisiwepo. Porini ndege hawa wangekula wakiwa wametawanyika; wewe umewakusanya makumi kwa makumi mahali pamoja, wakinya pale pale wanapokula. Uingereza ilijionea tangu mwaka 2005, ugonjwa wa koo unaosababishwa na kimelea Trichomonas gallinae ulipoanza kuonekana kwa chiriku wa kijani, na idadi yao ikaporomoka vibaya miaka iliyofuata. Marekani mwaka 1994, karibu na Washington, D.C., yalionekana macho yaliyovimba na kufumba kwa ndege aitwaye Haemorhous mexicanus. Bakteria waliohusika, Mycoplasma gallisepticum, wakasambaa upande wote wa mashariki. Na majira ya baridi ya 2020 hadi 2021, salmonela iliwaua ndege wengi wa aina ya Spinus pinus kwenye vyombo vya majumbani, na watu waliowagusa au kugusa vyombo nao wakaugua.

Kwa hiyo, angalau kila wiki mbili, teremsha chombo, toa mabaki yote, sugua kwa maji ya moto na sabuni, kisha kiloweke kwa dakika 10 hivi kwenye sehemu 1 ya dawa ya jiki na sehemu 9 za maji. Suuza sana. Kikauke kabisa kabla hujatia mbegu, kwa kuwa unyevu ndio mwanzo wa ukungu. Kuwa na vyombo viwili vya kupokezana kunarahisisha kazi hii wakati vidole vinaganda. Fanyia nje au kwenye karai la kazi hiyo peke yake, kamwe si kwenye sinki la jikoni, na unawe mikono. Chini ya chombo fagia maganda na vinyesi, halafu badilisha mahali unapokitundika mara kwa mara. Weka chakula kinachoisha ndani ya siku moja au mbili, usilundike cha wiki.

Ukimwona ndege amejikunyata, manyoya yametuna mchana kweupe wenzake wakila, hakimbii ukikaribia, au macho yamevimba, ondoa vyombo vyote na maji kwa muda usiopungua wiki mbili. Usiwaze kwamba unawanyima. Unawatawanya ili wasiambukizane. Ndege aliyekufa usimguse kwa mkono mtupu, na penye homa ya mafua ya ndege sikiliza maelekezo ya mamlaka ya eneo lako.

Hapo kuna la kutofautisha. Kutuna manyoya peke yake si ugonjwa. Ndege mzima hutuna ili anase hewa katikati ya manyoya, huficha mguu mmoja tumboni, na huchomeka mdomo begani. Mwenye afya ukimtazama macho yake yanang'aa kwa uhai, anageuza kichwa kila mara, na akishtuliwa huruka mara moja.

Hatua ya 6: Kumjua uliyemwona

Rangi iache mwisho. Mwanga wa majira ya baridi ni hafifu, na ndege aliye mbele ya theluji huonekana mweusi tii. Anza na ukubwa, ukimtumia shomoro kama kipimo: ni mdogo kuliko shomoro, sawa naye, au anafika njiwa? Kisha mdomo. Mnene wenye umbo la koni ni wa mpasua mbegu. Mwembamba kama sindano ni wa mla wadudu, ambaye baridi hii anaokota mayai ya wadudu kwenye nyufa za magome. Ulionyooka kama patasi ni wa kigogota.

Halafu tabia. Ndege wa jenasi Sitta hushuka shina la mti kichwa kikiwa chini. Wa jenasi Certhia hupanda tu, akizunguka shina, na akifika juu huruka hadi kwenye shina la mti mwingine na kuanza tena chini. Ukijua hilo, huhitaji kuona zaidi ya kivuli.

Wapo wanaofanana kweli. Amerika ya Kaskazini kuna vigogota wawili, mdogo Dryobates pubescens na mkubwa kiasi Dryobates villosus, mavazi yao ni yale yale: mgongo mweupe, mbawa nyeusi zenye madoa, na dume ana alama nyekundu kisogoni. Angalia urefu wa mdomo ukiulinganisha na kichwa. Wa mdogo ni mfupi, kama theluthi moja ya kichwa chake. Wa mkubwa unakaribia urefu wa kichwa chote. Siku utakapowaona wote wawili kwenye donge moja la mafuta, hutawachanganya tena.

Nashauri ujifunze majina ya kisayansi pamoja na majina unayoyajua. Ndege wengi wa kaskazini hawana jina la Kiswahili lililozoeleka, na jina la Kilatini litakufikisha kwenye kitabu au programu yoyote duniani. Programu ya Merlin ya chuo cha Cornell ni ya bure na hutambua ndege kwa picha au kwa sauti. Itumie kukusaidia kukisia, kisha uhakikishe kwa macho yako.

Usidhani baridi ni kimya. Ndege mwenye kifua chekundu wa Ulaya, Erithacus rubecula, huimba hata Desemba, dume na jike, kila mmoja akilinda eneo lake. Chikadii naye humaliza mlio wake wa onyo kwa «dii-dii-dii», na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba adui akiwa wa hatari zaidi kwao, «dii» huongezeka. Bundi mdogo mwepesi wa kugeuka huitiwa dii nyingi kuliko bundi mkubwa mzito. Ukisikia zimekuwa nyingi, acha chombo, tazama miti.

Kuhusu darubini, ya 8x42 inatosha: inakuza mara 8, na lenzi za mbele zenye milimita 42 hukusanya mwanga wa kutosha jioni. Ukitoka nayo nje, usiipulizie pumzi, na ukirudi ndani iache ndani ya mkoba wake uliofungwa kwanza mpaka ipate joto polepole, la sivyo itajaa ukungu.

Hatua ya 7: Daftari

Andika tarehe, saa, hali ya hewa, aina na idadi. Kwenye idadi, usijumlishe kila anayetua. Ndege mmoja anaweza kuja mara thelathini. Andika idadi kubwa uliyoiona kwa pamoja. Njia hiyo ndiyo inayotumika pia kwenye sensa za kitaifa. Uingereza, shirika la kulinda ndege la RSPB huwaomba watu wakae saa moja mwishoni mwa Januari, zoezi lililoanza mwaka 1979. Marekani na Kanada wana mradi wa FeederWatch, wa kuhesabu ndege wanaokuja kwenye vyombo vya chakula, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwezi Februari kuna siku nne za hesabu ya mabustanini iliyoanza mwaka 1998, na dakika 15 zinatosha kushiriki, popote ulipo. Kongwe kuliko zote ni ile ya Krismasi: mwaka 1900 Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa Marekani, alipendekeza watu wahesabu ndege siku hiyo badala ya kushindana kuwapiga risasi, na watu 27 wakaitikia. Hadi leo hufanyika kila mwaka kati ya Desemba 14 na Januari 5.

Hata siku isiyo na ndege iandikwe. Sifuri nayo ni habari.

Hatua ya 8: Toka nje kidogo

Asubuhi baada ya theluji mpya, kabla watu hawajapita, zunguka nyumba ukisoma nyayo. Shomoro na junko huruka kwa miguu yote miwili, alama zao huja jozi jozi. Njiwa na kunguru hutembea, mguu huu kisha ule. Pengine utakuta nyayo zimekoma ghafla, pembeni kuna mikato ya manyoya ya mbawa iliyochorwa kwenye theluji pande zote mbili: hapo ndege aliondoka, au aliondolewa.

Kagua kila mti wenye matunda mekundu yaliyobaki. Kuna miaka matunda ya kaskazini yanapokosekana, na makundi ya Bombycilla garrulus, wenye kishungi na ncha ya mkia ya manjano, hushuka kusini kwa mamia na kuumaliza mti mmoja ndani ya siku chache. Miaka mingine hawaonekani kabisa, kwa hiyo wakija acha kazi uwatazame.

Jioni angalia pa kulala: vichaka vya majani yasiyopukutika, mimea itambaayo ukutani, matundu ya miti, sanduku la kiota ulilolisahau. Kiduchu wa Ulaya, Troglodytes troglodytes, hulala peke yake siku za kawaida, lakini baridi ikizidi hujazana. Mwaka 1969 huko Norfolk, Uingereza, zaidi ya 60 walihesabiwa wakiingia sanduku moja. Kwa hiyo usiyaondoe masanduku wakati wa baridi. Yasafishe vuli na uyaache yametundikwa. Ukipata mahali wanapolala, tazama kwa mbali na usimulike tochi. Aliyeshtuliwa usiku analipa kwa mafuta ambayo hana pa kuyajazia mpaka kuche.

Baridi ikilegea

Usifunge duka mara theluji inapoyeyuka. Mwisho wa majira ya baridi na mwanzo wa majira ya kuchipua ndio wakati mbegu za porini zimekwisha na wadudu bado hawajatoka, na ndege wengine wameanza kuimba na kugombania maeneo. Endelea, ukipunguza kiasi kidogo kidogo. Karanga nzima zilizo wazi ziondoe kabla ya msimu wa kuangua, makinda hukabwa nazo, na mafuta ya mnyama yatoe mara jua linapoanza kuyalainisha. Kisha osha kila chombo kwa ile dawa, kikaushe, kihifadhi. Daftari libaki karibu na dirisha: andika siku mwenyeji wa mwisho wa baridi anapoondoka, na siku mbayuwayu wa kwanza anaporudi.